Kupakia

Miaka kumi na mmoja tumelipa dola kumi na nne kila mwezi
kwa kisanduku cheusi kisicho chetu.
Kimekaa juu ya friji, kina joto kama mkate,
na mgongoni kibandiko: MALI YA KAMPUNI.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako;
hawakutaja nguo ya kukodi, tena na kodi juu.

Basi Jumamosi, theluji imefika kizingitini,
nikashuka kilima cha Duluth kwa gia ya kwanza
hadi dukani kwa Corwin.

Corwin, miaka ishirini, jina kifuani,
akanionyesha ruta ya antena nane,
kama buibui aliyekufa chali.
"Hii utapakua filamu kabla hujakaa kitako."
Kupakua, kupakua. Makasha yote yaliimba hilo,
kana kwamba kila nyumba ni sahani iliyonyooshwa
na kampuni ndiyo mwenye mwiko.

Nikauliza: na kupakia?
Akapindua kasha, akasoma maandishi madogo kama chawa.
Akasoma tena.
"Watu hawaulizi hilo."

Mama yangu, Aili, hajasikia kitu
tangu homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka mitatu.
Jioni huongea kwa mikono na dada yake Irja, aliyeko Hancock,
Irja asikiaye vizuri tu,
ila alijifunza ishara utotoni ili wagombane sawasawa.
Kwenu picha ikiganda, sauti hubaki:
hallo, hallo, unanipata?
Kwa mama picha ndiyo sauti.
Kidole kikikwama hewani, neno limekatwa shingo.

Jumatano waligombania birika la kahawa la bibi.
Irja akaweka mkono kifuani
na hapohapo akageuka vimiraba.
Ngumi ikizunguka kifuani ni *samahani*.
Kiganja kikitulia kifuani ni *langu*.
Siku tatu mama hajui alijibiwa lipi,
na hapigi simu kuuliza, ana kiburi chake.

Corwin akanieleza taratibu, kama mtu anayelisha mgonjwa:
modemu inasimama mlangoni,
inapokea lugha ya waya wa mtaani, inaigeuza ya nyumbani;
ruta ndiyo inayogawa, chumba kwa chumba.
Nikacheka peke yangu.
Kijana, mimi nilikuwa modemu nikiwa na miaka sita.
Benki, kwa fundi bomba, mbele ya mchungaji,
kidevu hakijafika kaunta,
madeni ya watu wazima yakipita vidoleni mwangu.
Siku moja daktari alisema sentensi ndefu juu ya baba.
Nilimpa mama neno moja: *atapona*.

Hilo sikumwambia Corwin.

Nikachukua modemu ya kijivu, haina urembo,
iliyomo kwenye orodha ya kampuni, yenye kupakia kwa nguvu,
na ruta ya vipande viwili,
kwa kuwa kuta zetu ni plasta juu ya wavu wa chuma,
zinanasa mawimbi kama chujio la chai.
Nyumbani nikaisomea kampuni namba za mgongoni,
sifuri au herufi O? sifuri, mama, sifuri,
dakika arobaini za fidla sikioni.
Kipande cha pili nikakiweka kwenye ngazi.
Taa ikapepesa, ikasita, ikatulia.

Nilipiga mimi. Irja akatokea mzima,
hadi chembe ya biskuti kwenye sweta yake.
Nikasimama mlangoni kwa mazoea,
macho tayari, vidole tayari.
Mama akanitazama.
Akageuza kiti, akageuza na skrini,
akanipungia kwa nyuma: *nenda*.

Nikabaki na kisogo chake, na mabega
yanayotikisika, kwa kicheko au kwa lile jingine.
Samahani au langu, sijui hadi leo.
Nikakitia kisanduku cha kampuni kwenye mfuko wa kurudisha.
Kilikuwa bado cha moto.